Kidole cha Mwenye Wavu

Kismayu, 19 Oktoba 1958

Kwa mjomba wangu Mohdhar bin Idarus, Ngumi.

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kile kikohozi nilichorithi kwa marehemu mama kimenirudia kama kila mwaka. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na jirani yako Sheikhan na kila aliyebaki hapo kisiwani. Abdulkadiri, huyu anayetuletea papa mkavu sokoni, ndiye aliyenihakikishia kuwa u hai, na ndiye atakayekupa barua hii mkononi.

Najua ni mwaka wa pili hatujaandikiana, tangu uliponiandikia rambirambi za kifo cha shangazi Rukia. Nyumba yake nakaa mimi, peke yangu. Chumba chake nimekifunga. Yule mume niliyeozwa alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata, na mke akampata huko huko. Talaka yangu ililetwa na mtu nisiyemjua, akaomba maji ya kunywa akaenda zake. Sikulilii, mjomba. Nakupa habari tu, maana hukuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Unajua nafanya kazi hospitalini, siku hizi wodi ya wanaume, chini ya watawa wa Kitaliana. Nasafisha vidonda, nachemsha vyombo vya kupasulia. Tunaye daktari mmoja, Dokta Saverio, ambaye kazi yake kubwa ni kupasua ngiri, kwa kuwa wachukuzi wa bandarini karibu wote wanayo. Zamani alikuwa akizivuta nyama za pande mbili na kuzishona kwa uzi wa hariri, na baada ya mwaka mtu anarudi, pamechanika pale pale. Siku hizi hazivuti tena. Anachukua uzi wa nailoni na kufuma wavu juu ya lile tundu la ngiri, ndani ya mwili wa mtu aliye hai, kisha anaifunga ngozi juu yake. Nimeona kwa macho yangu. Kila anapopitisha sindano huku na huku nakuona wewe umekaa barazani na wavu magotini.

Lakini mafundo yake yanateleza. Juzi moja lilifunguka baada ya kazi ya saa nzima, naye akatukana kwa lugha yake mpaka mtawa aliyekuwa karibu akafanya ishara ya msalaba. Nikamwambia, mimi nina mjomba ambaye hajapata kufunga fundo likamfungukia. Akasema, basi muulize. Nami nakuuliza.

Mpwa wako,
Mwanalima


Ngumi, 27 Mfungo Saba 1378, ambayo kwenu hospitalini ni Novemba

Kwa mwanangu Mwanalima.

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa sababu mwandiko wako umekuwa nyayo za kuku tangu usomeshwe na hao watawa. Kikohozi hicho chemsha tangawizi, usingoje. Mama yako alikuwa akingoja.

Hapa tumebaki nyumba sita. Jirani yetu Mwanamwema naye amehamia kisiwa cha Koyama kwa mwanawe, kwa hiyo kisima ni chetu sisi na kunguru. Wenye nguvu huvuka kwenda Koyama kila Ijumaa. Mimi siku hizi huswali adhuhuri nyumbani, kisha nafuma. Habari ya mume wako imenichoma. Sikuuliza kwa kuwa niliogopa jibu, na jibu limekuja lenyewe.

Mwambie daktari wako hivi. Pamba ni ndugu, hushikana yenyewe kwa yenyewe. Nailoni ni mgeni, haimshiki mtu. Hata mimi ilinisumbua ilipoletwa mara ya kwanza kutoka Mombasa, wavu mzima ukanifungukia majini na samaki wakaenda zao wakicheka. Afunge fundo la wavu kama alivyozoea, kisha kabla hajavuta aurudishe uzi ndani ya tanzi mara ya pili. Auloweshe. Avute polepole, asikurupuke kama mwizi. Ncha asikate karibu, aache upana wa ukucha. Mimi ncha huichoma moto ikafanya kichwa, lakini sidhani kama kuna mtu atakubali kuwashiwa moto tumboni.

Kuna jambo jingine dogo. Sheikhan ana ngiri. Anayo miaka mingi, nasi hatukuwahi kulitaja. Yeye hajui kuandika, basi amenituma nikuulize: je, inauma? Na mtu akishafumwa, anaweza kuvuta chombo pwani kama zamani? Usimjibu kwa haraka, mjibu vizuri. Ni mtu mwenye haya.

Mjomba wako,
Mohdhar


Kismayu, 21 Desemba 1958

Mjomba, salamu nyingi. Tangawizi nimekunywa mpaka nanukia kama duka la viungo, na kikohozi kimepungua.

Fundo lako limeshika. Dokta Saverio alilifanyia mazoezi juu ya mguu wa meza siku nzima, kisha akalipeleka chumba cha upasuaji, na mpaka leo watu wanne wametoka humo na fundo la Ngumi tumboni. Analiita fundo la mjomba, kwa Kitaliana, na hata watawa sasa wanasema hivyo. Nilicheka, kisha nikaingia chumba cha vyombo nikalia kidogo. Sijui kwa nini.

Sasa habari za Sheikhan, na umsomee polepole. Ngiri ni utumbo uliopata mwanya katika ukuta wa tumbo ukachungulia nje. Mwanya hauzibiki kwa dawa ya kunywa, wala kwa hirizi, wala kwa kujifunga kitambaa. Waganga wa Ulaya wameuhangaikia miaka mingi. Walianza na wavu wa chuma laini, ukawakatikia watu ndani na kuwachoma. Wakaja kwenye nailoni. Dokta anasema nailoni nayo si mwisho wa safari, maana ikikaa miaka mwilini huchoka, na huko ng'ambo kuna watu wanatafuta uzi usiochoka. Faida ya wavu ni yale macho yake. Nyama huota ikapita ndani ya macho mpaka wavu na mtu wakawa kitu kimoja, kama wavu uliosahauliwa mwambani ukaotwa na matumbawe.

Inauma, ndiyo, siku tano za kwanza. Sitamdanganya: mgonjwa wetu mmoja alifanya usaha na wavu ukabidi utolewe. Lakini mchukuzi mmoja, Mbwana, aliyekuwa ameshonwa mara mbili kwa hariri na mara mbili pakachanika, sasa amerudi bandarini.

Na mwambie hili, tena mwambie mara mbili. Ikiwa siku moja uvimbe utakuwa mgumu na kukataa kurudi ndani, na akaanza kutapika, asingoje hata adhana inayofuata. Apakiwe chomboni aletwe. Wanaongoja hufa, mjomba. Nimeshawafunika wawili.

Sherehe za watawa zinakaribia na wodi imepambwa. Watu wa nyumba za jirani wamesafiri. Nitakuwa hapa, sina pengine.

Mwanalima


Ngumi, 12 Shaaban 1378 (Februari)

Mwanangu Mwanalima, salamu kutoka kwa wote, yaani mimi na Sheikhan, maana wengine wako baharini.

Nimemsomea kila neno. Akauliza, huyo mtu akifa na wavu ndani, atazikwa nao? Nikamwambia, watu huzikwa na meno ya dhahabu na hakuna malaika aliyelalamika.

Anasema miaka hii yote amejifunga mkanda wa turubai wenye kifundo cha nguo pale penye mwanya. Unamchubua wakati wa joto. Chombo havuti tena, hukaa barazani akafanya kazi za kukaa, na watu wanadhani ni uvivu au ni uchamungu. Akicheka hujishika. Akikohoa hujishika. Mjini hawezi kwenda kwa kuwa mwendo wake umekuwa wa upande upande, na watu wa Kismayu unawajua, mtu hajafika mwisho wa njia wameshampa jina.

Anataka kujua ni nani na nani wanaokuwa mle chumbani mtu anapopasuliwa. Na nani anayemwosha baadaye. Nijibu hilo.

Kwa kuwa umesema nailoni ya daktari ni ya kufumwa papo hapo na kazi ni ndefu, nimemrahisishia. Nimefuma kipande kwa uzi mwembamba kuliko wote nilionao, shubiri moja kwa shubiri moja kasoro vidole viwili, mafundo yote ya mara mbili. Nimekichovya katika maji ya gome la mkoko kama kila wavu unaotoka mikononi mwangu, kisioze. Ni cha Sheikhan. Daktari akiweke mpaka mwenyewe atakapoamua kuja.

Ramadhani inakaribia. Tuombeane.

Mohdhar


Kismayu, 25 Machi 1959

Mjomba, Ramadhani karimu. Nafuturu na watu wa hospitalini, ni afadhali kuliko nyumbani.

Kipande chako kimefika. Dokta Saverio alikichemsha kama anavyochemsha kila kitu, maji yakawa mekundu kama chai, na mtawa akadhani kuna aliyekatwa. Hawezi kukitumia, usikasirike. Gome la mkoko halitakiwi mwilini. Na amenionyesha jambo jingine: kila fundo ni kichaka, na vijidudu vya usaha hujificha humo. Mwezi huu rafiki yake wa Milano amemletea kwa posta karatasi ya wavu wa aina mpya. Uzi wake si nailoni, ni plastiki nyingine isiyonywa maji wala kuchoka, na umeunganishwa kwa vitanzi, hauna fundo hata moja. Najua utasema wavu usio na fundo ni kitambaa. Nilimwambia hivyo kwa niaba yako. Lakini kipande chako amekiweka mezani kwake chini ya kioo, na wageni wanaonyeshwa.

Kabla hajakichukua nilikaa nacho usiku mmoja. Nataka nikueleze nilichofanya.

Ulinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo kwamba kwetu jicho la wavu hupimwa kwa kidole cha shahada cha mwenye wavu, si cha fundi. Mtu akikuagiza wavu, kwanza unamwomba kidole. Sheikhan ana vidole vyembamba. Nakumbuka, alikuwa akitoa kokwa za tende ndani ya chupa. Wewe kidole chako kilichomwa na mwiba wa samaki taa, kikavimba kwenye kifundo na hakikurudi, na watu walikuwa wakikutania kwamba samaki wadogo wa Ngumi wanakuombea dua kwa macho mapana ya wavu wako.

Ule mfuko niliobebea nguo zangu siku uliyonileta mjini bado ninao. Ulikuwa umekatwa katika wavu wako mwenyewe. Nimeutandika juu ya kipande hiki, jicho juu ya jicho. Ni sawasawa.

Mikono yako imekusema, mjomba. Sheikhan hana ngiri. Ukajifumia wavu wako mwenyewe, na ukakosea mahali ambapo mwongo mwingine yeyote asingekosea.

Basi na mimi niseme langu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na siku arubaini tu kaburini. Uliniacha mlangoni kwa shangazi Rukia ukasema, nitakuja mwezi ujao. Nilihesabu. Mwaka wa kwanza nilikwenda pwani kila chombo kilipoingia. Sasa ni miaka kumi na tano, na safari ya kutoka Ngumi ni ya siku moja. Nina hasira na wewe kiasi ambacho sikujua ninacho mpaka nilipoutandika ule wavu. Na ninaogopa kwamba utakufa barazani kwako kwa ugonjwa ambao mimi naona ukitibiwa kila Jumanne.

Njoo. Ukija nitakukasirikia vizuri, uso kwa uso.

Mwanalima


Kismayu, 30 Juni 1959

Mjomba, Idi zote mbili zimepita, na Abdulkadiri amekuja mara tatu bila barua. Nimemuuliza kama u mgonjwa, anasema alikuona umekaa. Nimemuuliza kama ulimpa neno, anasema ulimpa papa mkavu aniletee. Nimemla. Alikuwa na chumvi nyingi.

Dokta ameshawatia ule wavu mpya watu watatu. Wote wamepona vizuri, hakuna usaha. Karatasi aliyonayo si kubwa, na nimemwambia asiimalize.

Niandikie hata kama ni matusi.

Mwanalima


Ngumi, 3 Mfungo Sita 1379 (Septemba)

Mwanangu Mwanalima.

Sina matusi. Nilikuwa na aibu, na aibu haina mwandiko.

Ni mimi. Ilianza siku ya tatu baada ya maziko ya mama yako, tulipokuwa tukiivuta pwani mashua ya marehemu baba yako. Nilisikia kitu kimeachia. Nikasema kitapita. Nilipokuleta Kismayu nilikuwa tayari nimejifunga kitambaa, na njia ile ya kutoka bandarini mpaka kwa Rukia nilitembea nikiuma meno. Wewe ulikuwa ukiniambia nisiende polepole.

Niliposema mwezi ujao nilisema kweli. Nilidhani mwezi mmoja utatosha kupona. Halafu ukawa miwili. Halafu uvimbe ukawa unaonekana chini ya kikoi. Nikawaza, yule mtoto ndio kwanza anapata marafiki, na mimi nije nitembee upande upande mbele yao waseme, tazameni mjomba wa Mwanalima na mzigo wake? Nikangoja nipone. Ukakua, nikasikia umeposwa, nikasema harusini nitafika. Siku ya kuondoka sikuweza kushuka ngazi ya baraza. Nikakaa nikafuma. Nimefuma nyavu nyingi sana, mwanangu, na jioni zote zilikuwa ndefu. Kila mtu anadhani napenda upweke. Siupendi.

Ulipoandika kwamba uko wodi ya wanaume, nikaona mlango wa mwisho umefungwa. Nitapasuliwaje mbele ya binti wa dada yangu Kaltuma? Niliyekubeba mgongoni unioshe mimi, tena huko? Bora nife na haya zangu. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ndiyo maana nikamtia Sheikhan mdomoni mwangu, naye masikini hajui mpaka leo kwamba ana ngiri hospitalini kwenu.

Lakini Mfungo Tano, siku ya Jumatatu, uvimbe uligoma. Ukawa jiwe. Nikatapika. Nikakumbuka maneno yako, ya kwamba nisingoje adhana, lakini bahari ilikuwa mbaya na hakuna chombo kilichoweza kutoka. Sheikhan alinilaza juu ya mashua iliyopinduliwa, kichwa chini miguu juu, akaketi na mimi tangu asubuhi mpaka alasiri akisoma Yasini. Ukarudi ndani wenyewe. Nikiwa pale kichwa chini, jambo nililowaza ni kwamba umeniambia una hasira nami na sikukujibu.

Nitakuja. Ila ahadi moja: usinione. Ukinipa ahadi hiyo nakuja na Abdulkadiri.

Mohdhar


Kismayu, 20 Septemba 1959

Mjomba, barua yako imefika jana. Nimeisoma nimesimama.

Nimekwenda kwa mkuu wa watawa nikamwomba anihamishe wodi ya wanawake mpaka utakapotoka. Akauliza sababu. Nikasema, desturi. Hakuuliza tena. Atakayekuosha ni mzee Nasrudin, mwanamume, mtu wa Chovai, naye ameshaosha nusu ya bandari na hana kumbukumbu ya uso wa mtu yeyote. Mle chumbani atakuwa daktari, msaidizi wake na mtawa mmoja mzee mwenye macho mabovu.

Kati ya wodi yako na yangu kuna uwanja wa hatua arubaini. Sitauvuka. Nakuahidi kwa kaburi la mama.

Hasira ninayo bado, lakini imepungua uzito. Nilikuwa nadhani hukunitaka. Miaka yote hiyo, mjomba, nilidhani ni hivyo tu.

Njoo Mfungo Saba ukiandama, bahari itakuwa imetulia. Karatasi ya wavu imebaki ya mtu mmoja.

Mwanalima


Kismayu, wodi ya wanaume, 18 Mfungo Saba 1379 (Oktoba)

Mwanalima, nakuandikia nimelala, kwa hiyo leo nyayo za kuku ni zangu.

Imekwisha. Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikaniaga, lakini macho nilikuwa nayo. Nilimwomba daktari anionyeshe ule wavu kabla hajautia. Akaunyanyua mbele ya taa. Mwanangu, ni mwepesi kuliko ubawa wa panzi. Nikatafuta fundo sikuliona. Nikamwambia kwa mkalimani, huu hauna fundo. Akasema, fundo la mjomba nitalitumia kuufungia pembeni. Sijui kama ni kweli au alitaka ninyamaze.

Nasrudin ni mtu mwema, haoni haya wala haulizi. Nimekohoa leo kwa mara ya kwanza. Nikajishika kwa mazoea. Hapakuwa na kitu cha kushika.

Na jana baada ya chakula nilisikia mwanamke akikohoa ng'ambo ya uwanja. Nilidhani ni dawa inanichezea, maana kilikuwa kikohozi cha Kaltuma. Kisha nikakumbuka. Kunywa tangawizi.

Mohdhar


Wodi ya wanawake, 23 Oktoba 1959

Mjomba, Nasrudin ameniletea barua yako ndani ya bandeji safi kama magendo.

Dokta anasema unatoka Jumanne. Ukishavaa nguo zako na ukishasimama kwa miguu yako ahadi yangu imekwisha, au sivyo? Nitakuwa langoni saa sita, nikimaliza zamu. Nimepika vileja. Chumba cha shangazi nimekifungua, nimekitandika, kina upepo mzuri. Kaa kwangu mpaka kidonda kikauke.

Mwanalima


Kismayu, 22 Mfungo Saba, siku ya Jumapili

Mwanangu, usinihukumu.

Daktari alipita leo akasema kidonda kizuri kuliko alivyotazamia, ninaweza kwenda nikitaka, nisinyanyue kitu miezi mitatu. Abdulkadiri anatweka tanga kesho alfajiri. Nilivaa. Nilivuka uwanja kwa miguu yangu, hatua arubaini kama ulivyosema, nimenyooka, hakuna aliyenitazama. Nikafika mlango wa wodi yako.

Ulikuwa umenipa mgongo. Ulikuwa umeinama unamnywesha mgonjwa. Ulivaa nyeupe. Nilikuwa na maneno, niliyapanga tangu Ngumi. Yote niliyapanga kumwambia mtoto wa miaka tisa, na pale palikuwa na mwanamke mzima, mrefu, na shingo ya dada yangu. Sikumjua. Sikujua nianze wapi. Nikarudi.

Ngiri nimeponywa, lakini kumbe haikuwa peke yake. Nimezoea kukaa mbali, sasa mwili unajua njia hiyo tu.

Nimemwachia Nasrudin mfuko. Ule wa zamani ulikuwa wangu, umekatwa katika wavu wangu. Huu ni wako. Kabla sijakuleta mjini, ukiwa umelala, nilikupima kidole kwa uzi na kuupiga fundo, nikikusudia kukufumia mfuko nikuletee huo mwezi ujao. Ule uzi niliuweka ndani ya msahafu. Mfuko nimeufuma mwaka huu wote, ndio sababu barua zilichelewa. Nailoni, mafundo ya mara mbili. Haujachovywa gome, uko safi.

Mohdhar


Kismayu, 1 Novemba 1959

Mjomba wangu Mohdhar.

Assalamu alaykum. Jumanne nilisimama langoni tangu saa sita mpaka alasiri. Nasrudin hakuwa na zamu Jumatatu wala siku hiyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniambia. Vileja niliwapa walinzi. Barua na mfuko nilivipata Jumatano.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliutoa ule mfuko nikautazama vizuri. Sijaona kazi kama hiyo. Nilimwonyesha Dokta Saverio akaushika kwa ncha za vidole, na hakusema kitu cha usaha wala cha vijidudu.

Kisha nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikatia kidole changu cha shahada katika jicho. Hakikupita. Nikajaribu kidole cha mwisho. Kiliishia kwenye ukucha. Mfuko huu, mjomba, ni wa yule mtoto aliyekuwa akienda pwani kila chombo kilipoingia. Umempima vizuri kabisa, na umemkosa kwa miaka kumi na tano. Mimi siwezi kuubeba kwa niaba yake.

Nimeomba likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu nianze kazi. Abdulkadiri anarudi Ngumi Alhamisi, atakupa barua hii mkononi, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake. Ukiwa barazani usiinuke, daktari amekukataza mambo ya ghafla. Usipange maneno. Weka uzi na sindano karibu, nami nitakupa kidole.

Mwanalima